Kukata dirisha kwenye kesi ya kompyuta: hatua zote na bei ya kuchaji

Vijana wa gemu siku hizi wanataka waone taa na feni ndani ya mashine, na wewe una kesi za bati zimekaa tu dukani. Mimi dirisha nakata mwenyewe. Ufundi sikusomea, nimejifunza kwa kufanya. Utaratibu wangu ndio huu.

ANGALIA KWANZA KAMA INAFAA
Vua ubavu unaotazama mazabodi, ugeuze ndani. Ukiona ndoano na mikunjo, dirisha lisifike hapo. Acha angalau sentimita 3 za bati kila upande, la sivyo ubavu unalegea na kutetemeka. Pima pia feni ya prosesa: kama karibu inagusa bati, acha. Mashine za ofisi zenye ubavu wa lachi ziogope, ukiharibu kuipata spea ni shughuli.

VIFAA
Jigso na bledi ya chuma ya meno 24 kwa inchi, drili, tupa, msasa, tepu ya karatasi, akriliki ya milimita 3, mpira wa kingo, na gundi tepu nene ya pande mbili. Akriliki ulizia kwa watengeneza mabango, mabaki yao wanauza rahisi. Kioo cha dirisha la nyumba usiweke, kikivunjika ni visu.

KAZI
1. Kata mbali na mashine. Chembe moja ya chuma ikidondokea mazabodi inaweza kupiga shoti, na faida ya mwezi imeondoka.
2. Bandika tepu njia yote ya kukatia, chora juu yake. Inalinda rangi isichubuliwe.
3. Toboa tundu la milimita 10 kila kona, ndani ya mstari.
4. Laza ubavu juu ya ubao, ubane sawasawa. Bati jembamba lisipobanwa linaruka na kupinda. Weka tone la mafuta kwenye bledi, kata polepole bila kuisukuma jigso. Miwani ya kujikinga ni lazima. Glovu vaa ukishika bati lililokatwa, ila kwenye drili zivue zisije zikanaswa.
5. Piga tupa na msasa mpaka kingo zisikwaruze, halafu paka praima na rangi. Chuma kikibaki uchi kinashika kutu, hasa sisi wa pwani.
6. Visha mpira. Akriliki izidi tundu kwa sentimita 2 kila upande, uibandike kwa ndani. Bati lipanguse na spiriti, lakini akriliki tumia maji na sabuni tu, spiriti inaweza kuitia nyufa. Karatasi yake ya juu itoe mwisho kabisa.

BEI
Wengi wanachaji vifaa tu, kisha wanashangaa hela haionekani. Tuseme vifaa ni 15,000. Kazi saa 3 kwa 4,000 ni 12,000. Akiba ya bledi kukatika au bati kuharibika 5,000. Jumla 32,000, na hapo faida bado. Ukiweka faida ukaona unakaribia bei ya kesi mpya yenye kioo, usikate. Muuzie hiyo mpya, mtabaki marafiki.

KESI IKIWA YA MTEJA
Hapa ndipo watu wanagombana. Kabla ya kukata, chora mstari, piga picha, mtumie WhatsApp pamoja na vipimo. Mwambie kama mashine ina waranti inaweza kupotea. Subiri aandike "sawa". Sauti ya simu haitoshi, kesho atasema alitaka dirisha dogo. Bati likishakatwa halirudi.

TANGAZO
Andika ukweli: "dirisha la akriliki, limekatwa kwa mkono". Usiandike kioo. Mteja akigonga akasikia plastiki, anaanza kutilia shaka hata ram uliyomwambia. Piga picha taa za ndani zikiwaka na chumba kikiwa na giza kidogo, na picha moja ya karibu ya kona. Anayeuza kazi safi haogopi kuonyesha kona.

Biashara njema.