Kidole cha Mguu kwa Kislovakia

Mdogo wangu, barua yako kutoka Martin nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikikuonea huruma.

Niwaeleze na wasomaji wengine. Mdogo wetu huyu anasomea udaktari Martin, mji wa kaskazini mwa Slovakia. Darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, lakini wodini kuna mabibi na mababu wa vijijini ambao Kiingereza hakiwahusu. Kwa hiyo kila usiku anakariri daftari lake: Kiingereza kushoto, Kislovakia kulia. Juzi akataka kumuuliza mzee mmoja kama kidole cha mguu bado kinamuuma. Akaganda. Alikuwa anatafuta kichwani Kislovakia cha "toe", hakioni, na mzee anamtazama tu. Sasa anauliza: "Dada, ni programu gani ya simu inatafsiri vizuri maneno ya Kiingereza?"

Mdogo wangu, hata ningekutajia kumi zisingekusaidia. Kasoro iko kwenye njia unayopita. Unatoka Kiswahili, unakwenda Kislovakia, na kila safari unapiga hodi kwa Kiingereza. Nani alikutuma?

Tuanze na hicho kidole kilichokuaibisha. Neno hukulipata kwa sababu Waslovakia, kama sisi, wana kidole tu. "Prst" ni kidole, kiwe cha mkono au cha mguu. Ukitaka kubainisha, unasema "prst na nohe". "Palec" ni kidole gumba, na cha mguuni ni "palec na nohe". "Noha" ni mguu mzima kama tunavyousema sisi, na "ruka" ni mkono mzima. Kwenye mtihani wa anatomia utahitaji majina ya kila kipande, hilo halina ubishi. Lakini bibi akikunyooshea mguu, Kiswahili chako kilikuwa na jibu tayari.

Sikiliza sasa mgonjwa anavyolalamika: "Bolí ma hlava." Ukiipitisha kwa Kiingereza, utahangaika na "I have a headache" na kutafuta neno la "have" ambalo halimo. Kwetu ni nini? Kichwa kinaniuma. Kichwa ndicho kinachotenda, mimi ndiye ninayetendwa. Kislovakia kimepanga hivyo hivyo: "hlava" inauma, na "ma" ni mimi ninayeumwa. Tumbo linaniuma, "bolí ma brucho". Miguu inaniuma, "bolia ma nohy". Kitenzi kimebadilika kwa sababu miguu ni miwili, na wewe uliyelelewa na ngeli hilo lisikushangaze.

Na njaa je? Mwingereza "yuko" na njaa kama sifa yake, sisi tunayo. Mslovakia pia anayo: "mám hlad", nina njaa; "mám smäd", nina kiu; "mám strach", nina hofu. Hata umri tunao: "mám dvadsaťdva rokov", nina miaka 22. Tena huna haja ya kutaja mimi wala wewe, kwa kuwa kitenzi kimeshabeba mtu. "Idem", naenda. Na kukanusha kumo ndani ya neno lenyewe: "viem", najua, "neviem", sijui, "mám", nina, "nemám", sina. Nimewahi kukaa darasa moja la Kislovakia na Waingereza waliotokwa jasho kwa jambo hili, mimi nikijiona niko nyumbani.

Umeniuliza pia kuhusu "please", kwamba kwenye mkahawa unasema "môžem mať kávu" na mhudumu anatabasamu kwa namna usiyoielewa. Hapo umetafsiri "can I have" ya Kiingereza neno kwa neno. Wewe Tanzania ungesemaje? Naomba kahawa. Basi sema "prosím si kávu". "Prosím" inatokana na "prosiť", yaani kuomba. Na neno hilo moja utalisikia siku nzima: ni tafadhali, ni karibu baada ya asante, ni abee mtu akikuita, na kwenye simu linatumika kupokea.

"Sorry" ndiyo mtego mkubwa kwa daktari. Kiingereza kimefunga pole na samahani kwenye fungu moja. Kislovakia kimeyatenganisha. Umemkanyaga mtu, "prepáčte", samahani. Amekuambia mumewe anaumwa, "je mi to ľúto", pole. Amefiwa, "úprimnú sústrasť". Ukimwambia mfiwa "prepáčte", atajiuliza wewe ulihusika vipi na msiba wake. Kabla ya kufungua mdomo jiulize tu: nyumbani ningesema pole au samahani?

Na "uncle"? Kwa mapokeo ya Waslovakia, kaka wa mama ni "ujo" na kaka wa baba ni "strýko". Mjomba na amu, kila mmoja na kiti chake. Siku hizi wengi huita wote "ujo", na watoto humwita hivyo hata jirani, kama wa kwetu wanavyomwita kila mtu mzima anko.

Sasa nisikudanganye. Kuna mahali Kiswahili nacho kitakuangusha. Mkazo kwetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Kwao uko ya kwanza. Urefu wa irabu kwao unageuza maana: "sud" ni pipa, "súd" ni mahakama. Lugha yetu haijali mume au mke, lakini kwao, kusema nafurahi, mwanamke husema "som rada" na mwanamume "som rád", kwa furaha ile ile. Na saa, jihadhari! "Pol tretej" ni saa nane na nusu mchana, kwa hesabu ya nusu ya kuelekea saa ya tatu yao. Mimi niliwahi kufika saa nzima baadaye, chai imepoa na mwenyeji amenuna.

Jihadhari pia na maneno yanayofanana na ya Kiingereza. Mwaka wangu wa kwanza Bratislava nilimpigia mama mwenye nyumba ya kupanga kuuliza kama naweza kwenda kuiona kesho. Akasema "no". Nikakata simu, nikalia. Kumbe "no" yao ya mitaani ni kama "eeh" yetu. Kukataa ni "nie". Wiki hiyo hiyo nikamuuliza muuza duka kama jemu yake ni "bez prezervatívov". Nilidhani nauliza kama haina dawa ya kuhifadhi chakula. Nilikuwa namuuliza kama haina kondomu. Neno sahihi ni "konzervanty". Duka lile nililihama.

Basi fanya hivi. Futa safu ya kushoto ya daftari, andika Kiswahili. Usiandike neno peke yake. Andika sentensi ambayo ungemwambia bibi yako, halafu muulize muuguzi Mslovakia yeye angeisemaje. Ukitaka kuhakikisha, Taasisi ya Isimu ya Ľudovít Štúr ina kamusi za bure kwenye intaneti. Huyo Štúr na wenzake waliamua mwaka 1843 kusanifisha Kislovakia kwa lahaja ya katikati ya nchi, kama Kiunguja kilivyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha yao nayo ilipitia hayo.

Kesho asubuhi rudi kwa mzee wako. Usimwambie "ahoj", hiyo ni mambo vipi ya rika lako. Sema "dobrý deň", kisha muulize "čo vás bolí?" Hiyo "vás" ni ya nyinyi ingawa yuko peke yake; chukulia ndiyo shikamoo yake. Akikunyooshea mguu, jibu unalo tangu utoto wako.

Halafu niandikie kidole kinaendeleaje.

Dada yako