Chuo Kikuu cha Harvard na Watu Waliokipa Jina

Kila mwaka, wakati wa kujaza fomu za vyuo vikuu unapokaribia, majina ya vyuo vikubwa vya dunia husikika katika mabweni yetu kama yanavyotajwa majina ya wafalme. Jina moja halikosekani, nalo ni Harvard, chuo cha Marekani. Wengi wetu twalijua jina hilo, lakini ukiuliza ni nani waliosoma huko, ni nani waliofundisha, na waliwafaa nini wenzao, majibu huwa machache. Kwa hiyo nimeona yafaa kueleza habari za watu hao, ili sote tupate kutafakari swali moja: jina la shule hutoka wapi? Je, hutoka katika majengo na fedha, au hutoka kwa watu? Na ikiwa ni kwa watu, ni watu wa namna gani?

MWANZO WA CHUO

Harvard ndicho chuo kikongwe kuliko vyuo vyote vya Marekani. Kilianzishwa mwaka 1636 na baraza la koloni la Massachusetts, miaka sita tu baada ya mji wa Boston kuanzishwa. Kusudi kubwa la wazee wale lilikuwa kupata wachungaji wenye elimu kwa ajili ya makanisa yao.

Watu wengi hudhani kwamba John Harvard ndiye aliyekianzisha. Sivyo. Yeye alikuwa mchungaji kijana kutoka Uingereza, ambaye alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1638, akiwa na umri wa miaka 30. Kabla ya kufa alisema kwamba nusu ya mali yake, pamoja na vitabu vyake vyote vipatavyo 400, vipewe chuo kile kichanga. Mwaka uliofuata wakubwa wa koloni wakakiita chuo kwa jina lake. Moto ulichoma maktaba mwaka 1764, na karibu vitabu vyote alivyotoa viliteketea. Lakini jina lake halikuteketea. Basi tangu mwanzo twaona kwamba jina la chuo hiki halikutoka kwa jemadari. Lilitoka kwa kijana mmoja mgonjwa aliyewaachia wengine vitabu vyake.

WAKUBWA WA NCHI NA WALIMU

Marais wanane wa Marekani walipata shahada zao Harvard. John Adams alimaliza mwaka 1755, na mwanawe John Quincy Adams mwaka 1787. Baadaye walifuata Rutherford Hayes, Theodore Roosevelt, Franklin Roosevelt, John Kennedy, George W. Bush na Barack Obama. Katika hao, Kennedy ana habari inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1960, kabla hajachaguliwa kuwa Rais, mfuko wa hisani wa jamaa yake ulitoa msaada wa fedha ili wanafunzi wa huku wapelekwe kwa ndege kusoma Marekani, katika mpango uliosimamiwa na Tom Mboya wa Kenya.

Lakini chuo hakisimami kwa wanafunzi peke yao. Charles Eliot alikiongoza Harvard miaka 40, tangu 1869 hata 1909. Alipoanza, wanafunzi wote walilazimika kusoma masomo yale yale. Yeye akawaruhusu wachague wenyewe masomo yanayowafaa. Katika enzi yake alifundisha William James, mtu aliyesomea udaktari wa tiba, akaanza kwa kufundisha habari za mwili wa mwanadamu, kisha akafundisha saikolojia, na mwisho falsafa. Kwake mwanafunzi hakuwa chombo cha kujazwa maneno. Alikaribisha mabishano, na wanafunzi wake waliingia hata nyumbani kwake.

WALIOINGIA KWA MLANGO MWEMBAMBA

Hapa ndipo habari yenyewe inapoanza, kwani chuo hiki hakikuwapokea watu wote kwa moyo mmoja. Mwaka 1850 vijana watatu weusi, mmoja wao akiwa Martin Delany, walikubaliwa kusomea utabibu. Wanafunzi wazungu wakalalamika, na baada ya muda mfupi vijana wale wakaondolewa. Ilipita miaka 20 kabla ya Richard Greener kuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu shahada ya kwanza katika chuo cha Harvard, mwaka 1870.

Mwaka 1888 alifika William Du Bois. Mtoto huyu wa mji mdogo wa Massachusetts alikuwa akiitamani Harvard tangu utotoni, lakini hakuwa na fedha. Watu wa makanisa walimchangia, akaenda kwanza kusoma Fisk, chuo cha watu weusi kusini mwa nchi. Alipofika Harvard alipanga chumba katika nyumba ya watu weusi. Alijaribu kuingia katika kikundi cha waimbaji, akakataliwa. Lakini William James alimpokea kama alivyompokea mwanafunzi mwingine yeyote. Mwaka 1895 Du Bois akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari ya Harvard. Kitabu alichoandika kwa ajili ya shahada hiyo kilieleza jinsi biashara ya watumwa kutoka Afrika ilivyokatazwa Marekani, na jinsi makatazo hayo yalivyovunjwa. Kilipochapishwa mwaka 1896, kilikuwa kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vya historia vya chuo hicho.

Mtu aliyekataliwa kuimba akawa sauti ya mamilioni. Alishiriki kuunda chama cha kutetea haki za watu weusi mwaka 1909, akahariri gazeti lake miaka mingi. Alikusanya mikutano ya watu wa asili ya Kiafrika kutoka pande zote za dunia. Na katika mkutano wa Manchester, Uingereza, mwaka 1945, Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah waliketi pamoja na mzee huyu. Mwaka 1961 alihamia Ghana, na huko Accra akafa mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 95. Mwaka 1975 Harvard ilianzisha taasisi ya uchunguzi yenye jina lake. Waliomnyima nafasi katika kikundi cha nyimbo, ni nani leo anayewakumbuka?

Wala ubaguzi haukuisha upesi. Mwaka 1922 Rais wa chuo, Lawrence Lowell, aliwazuia wanafunzi weusi wa mwaka wa kwanza wasilale katika mabweni pamoja na wazungu. Wahitimu wengi walipiga kelele, weusi na weupe, na mwaka 1923 wasimamizi wa chuo wakaitangua amri ile. Jambo hili ndugu zetu waliokwisha kumaliza masomo na walikumbuke: mkubwa wa shule alipokosea, waliosoma hapo zamani walisimama wakasema.

BUNCHE NA KISWAHILI

Miaka michache baada ya hapo alifika Ralph Bunche. Alikuwa yatima aliyelelewa na bibi yake katika mji wa Los Angeles, na alipokuwa akisoma shahada ya kwanza alifanya kazi ya usafi ili apate riziki. Mwaka 1927 wanawake weusi wa mji ule walimchangia dola 1,000 za kwendea Harvard. Mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari, kwa uchunguzi aliofanya juu ya utawala wa Wafaransa katika Togo na Dahomey.

Hakuridhika na vitabu tu. Mwaka 1937 alikwenda London kujitayarisha kwa safari ya Afrika, na mmoja wa waliomfundisha Kiswahili huko alikuwa Jomo Kenyatta. Alipofika Kenya mwaka 1938, Wakikuyu walimpa jina la Karioki, yaani aliyerudi kutoka kwa wafu, kwa kuwa walimwona kama mtoto wa wale waliochukuliwa utumwani ambaye amerejea nyumbani.

Mtu huyu ndiye aliyewapatanisha Israel na nchi nne za Kiarabu mwaka 1949, zikaweka silaha chini. Mwaka 1950 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Na mwaka 1960, Kongo ilipopata uhuru na kuingia katika machafuko, alikuwako Leopoldville kwa niaba ya Umoja wa Mataifa.

WANAWAKE WA NYOTA

Wanawake nao walisubiri mlangoni. Katika nyumba ya darubini ya Harvard waliajiriwa wanawake wa kuchunguza picha za nyota zilizopigwa juu ya vioo, kwa mshahara mdogo. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, alikuwa na uziwi. Aliziangalia nyota ambazo nuru yake huongezeka na kupungua, akatambua kwamba nyota inayochukua siku nyingi zaidi kugeuka ndiyo yenye nuru kubwa zaidi. Jambo hilo, alilolieleza kwa ukamilifu mwaka 1912, likawa kama kamba ya kupimia mbingu, kwani ukijua nuru halisi ya nyota, waweza kukadiria umbali wake.

Baada yake alikuja Cecilia Payne kutoka Uingereza. Mwaka 1925 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya nyota ni gesi ya haidrojeni. Mtaalamu mmoja mkubwa hakukubali, naye Payne akalazimika kuandika kwamba huenda hesabu zake si za kweli. Miaka minne baadaye mtaalamu yule yule akakiri kwamba binti alisema kweli. Hata hivyo Payne alifundisha miaka mingi bila cheo kinachostahili, mpaka mwaka 1956 alipofanywa profesa kamili.

WATU WA KWETU

Na sisi wa pande hizi tuna watu wetu huko. Barack Obama, baba wa Rais, kutoka Kogelo nchini Kenya, alisoma uchumi Harvard na kupata shahada ya pili mwaka 1965. Mwanawe alihitimu sheria hapo hapo mwaka 1991, baada ya kuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la chuo, na mwaka 2009 akawa Rais wa Marekani.

Wa pili ni Calestous Juma, aliyezaliwa mwaka 1953 kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya, si mbali na mpaka wa Uganda. Alianza kazi kwa kufundisha shule ya msingi Mombasa, kisha akaandika habari za sayansi katika gazeti. Mwaka 1988 aliunda kituo cha uchunguzi wa teknolojia mjini Nairobi, na mwishowe akawa profesa wa Harvard mpaka alipofariki mwaka 2017. Alifundisha kwamba Afrika haitaendelea kwa kuomba, bali kwa kujifunza kutengeneza vitu na kuboresha kilimo chake. Kitabu chake cha mwaka 2016 kilieleza kwa nini watu hukipinga kitu kipya hata kama kina faida.

ELIMU BILA UTU

Tusidhani kwamba kupita Harvard kunamfanya kila mtu kuwa mwema. Mwaka 1958 aliingia kijana wa miaka 16, hodari sana wa hesabu, aitwaye Ted Kaczynski. Baadaye, kati ya mwaka 1978 na 1995, alitengeneza mabomu na kuwapelekea watu, akaua watatu na kuwajeruhi 23. Akili alikuwa nayo. Kilichokosekana ni utu.

Na chuo chenyewe, mwaka 2022, kilitoa taarifa kikikiri kwamba viongozi na walimu wake wa zamani walimiliki watumwa zaidi ya 70, kikatenga dola milioni 100 kwa ajili ya kurekebisha mambo hayo. Chuo kilichafundisha dini na sheria kililishwa na jasho la watu wasiolipwa. Ni vizuri kwamba kimesema, ingawa kimesema baada ya miaka mingi.

TUJIFUNZE NINI?

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tukizitazama habari hizi twaona kwamba Harvard iliponywa na wageni wake. Du Bois hakutakiwa katika kikundi cha nyimbo. Leavitt na Payne walifanya kazi kubwa kwa cheo kidogo. Kumbe hao ndio ambao chuo leo hujivunia. Waliojiona wenye nyumba wamesahauliwa.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, tumwangalie vizuri yule anayekaa peke yake katika darasa letu: yule aliyechelewa kuanza shule, yule anayesema Kiingereza kwa shida, yule wa kabila la mbali, yule ambaye karo yake huchangwa na kina mama wa kanisa. Tusimcheke. Huenda yeye ndiye atakayeipa shule yetu jina.

Nanyi ndugu zetu mliokwisha kutoka hapa, msidhani kwamba mpaka mtajirike ndipo mtaweza kuisaidia shule. John Harvard alitoa vitabu alivyokuwa navyo, na wale wa mwaka 1923 walitoa sauti zao. Rafu za maktaba yetu bado zina nafasi. Na kama mwaona mwanafunzi amezuiwa mlango kwa sababu isiyo ya haki, semeni.