KUSIKIA NI JAMBO MOJA, KUFAHAMU NI JINGINE

Katika darasa letu la leo tumekusudia kueleza namna ubongo wa binadamu unavyopokea maneno na sauti za watu. Lililotusukuma kuandika ni jambo lililotupata sisi wenyewe katika uwanja wa ndege wa Moi, huko Port Reitz, upande wa Changamwe. Nasi twalieleza kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Tulikuwa tukisafiri kwenda Nairobi pamoja na ami yetu, mzee aliyepindukia miaka sabini, aliyekuwa na miadi ya daktari. Ukumbi wa abiria ulikuwa umejaa watu: watoto wakilia, wageni wakizungumza, masanduku yakiburutwa. Kipaza sauti kikatangaza kuwa ndege yetu itakawia kidogo, itaondoka saa sita u nusu. Ami akafahamu saa tisa u nusu. Akainuka, akenda kutawadha na kungojea adhuhuri, kwani mwenye safari ya saa tisa ana wasaa. Abiria walipoanza kuitwa tukamtafuta mbio, na tulipomkuta tukamkemea mbele za watu: "Ami, kwani husikii?" Akatujibu kwa upole: "Sauti naisikia, mwanangu. Neno ndilo silifahamu."

Ndege tuliipata, lakini jawabu lile halikututoka moyoni. Tukawauliza wenye ilimu ya mambo haya, tukasoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KAZI YA SIKIO NA KAZI YA UBONGO

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Hupiga kiwambo cha sikio, ikatikisa vifupa vitatu vidogo, ikaingia katika chumba chenye maji kilichojizungusha mfano wa kombe la konokono. Humo mna chembe zenye vinywele, na zile zinazopeleka habari ubongoni ni kama 3,500 tu katika kila sikio. Zikifa haziwi tena. Kinachofika ubongoni si maneno, bali ni ishara, na ubongo ndio unaozifanya kuwa maneno. Mwaka 1874 tabibu wa Kijerumani, Carl Wernicke, alieleza habari za wagonjwa walioumia ubongo upande wa kushoto, karibu na sikio: walisikia, lakini maana ya maneno iliwapotea. Na mwaka 2000 Pascal Belin na wenziwe walionyesha ya kuwa ziko sehemu za ubongo zinazoitikia sauti ya mtu kuliko sauti nyingine yoyote.

UBONGO HUCHAGUA

Katika miaka ya 1950 waongozaji wa ndege walipata taabu kubwa, kwani sauti za marubani wengi zilitoka katika kipaza sauti kimoja. Taabu ya namna hii ndiyo aliyoichunguza mwanachuoni Mwingereza, Colin Cherry, mwaka 1953. Alimsikilizisha mtu maneno mbalimbali, haya sikio la kulia na yale la kushoto, akamtaka ayarudie ya upande mmoja. Mtu aliweza, lakini ya upande wa pili hakujua yalihusu nini, ila alitambua sauti ya mwanamume ilipobadilika kuwa ya mwanamke. Mwaka 1959 Neville Moray akaona ya kuwa baadhi ya watu hulisikia jina lao likitajwa upande huo wasiousikiliza. Basi ubongo ni kama bawabu: huwarudisha wengi, akampitisha amjuaye.

UBONGO HUJAZA

Kadhalika ubongo hukamilisha palipopunguka. Mwaka 1970 Richard Warren aliondoa herufi moja katika maneno yaliyorikodiwa, akaweka sauti ya kukohoa mahala pake. Wasikilizaji walilisikia neno zima, kana kwamba hakikupungua kitu. Na ubongo hujaza kwa kile ulichozoea. Sisi watu wa Mvita twapambanua paa wa mwituni na paa la nyumba kwa pumzi tu itokayo pamoja na herufi. Mgeni husikia neno moja. Kwa sababu hiyo pia mwalimu wa chuoni hushughulika na mtoto mapema, mpaka sikio lake lipambanue qalb, ambayo ni moyo, na kalb, ambaye ni mbwa.

Sasa na tumrudie ami yetu. Uzee hupunguza kwanza sauti nyembamba, na herufi kama s na t ni katika hizo. Irabu ni nzito, hubaki. Ziondoe s na t katika "sita" na "tisa", kitakachobaki ni kimoja. Naye alikwisha kusikia neno "itakawia", akili ikatarajia wakati wa mbali, ikajaza tisa. Wazee waliokuwa wakisema kenda hawakuwa na mashaka haya.

TAHADHARI YA MARUBANI

Tusidhani ni jambo dogo. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ukungu ulikuwa umetanda. Kutoka ndege ya Uholanzi likaja neno ambalo mwongozaji alilifahamu kuwa wako tayari, na hali ndege imekwisha kuanza kukimbia ili iruke. Akajibu neno la kukubali, kisha akaagiza wangoje. Lakini ndege ya Marekani, iliyokuwa mbele katika njia ile ile, ilisema wakati huo huo, sauti zikavurugana, na lililosikika wazi ni lile la kukubali. Ndege zikagongana, watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, na hii ilikuwa mojawapo. Tangu hapo kanuni za maneno zikakazwa: rubani hurudisha agizo alilopewa, na mwongozaji husikiliza kama limerudi sawa. Hata tisa ya Kiingereza huongezewa silabi mwishoni, isije ikadhaniwa tano.

MAFUNZO

Kwanza, turudishe neno. Ukiambiwa siku ya miadi, kipimo cha dawa au bei ya kitu, lirudie mbele ya aliyekwambia. Si aibu.

Pili, mzee tumkabili uso kwa uso, tuseme polepole, mbali na makelele. Macho husaidia masikio: mwaka 1976 McGurk na MacDonald walithibitisha ya kuwa midomo tuionayo hugeuza hata herufi tuisikiayo. Kumpigia ukelele hakumsaidii, humvunjia heshima tu.

Tatu, tusichukue neno la mtu tukalieneza kabla ya kumuuliza mwenyewe. Huenda nusu yake alilisema yeye, na nusu tumelijaza sisi.

Ami tulimwomba radhi jioni ile ile, tumekaa mbele yake, tukisema polepole. Alitufahamu mara moja, akatusamehe.

Wabillahi taufiki.