Paja Likigongwa, Usilisugue: Uvimbe Unaweza Kugeuka Mfupa

Mchezaji anapigwa goti pajani. Anachechemea hadi kando ya uwanja, na mwenzake anakimbilia dawa ya kuchua na kumsugua kwa nguvu. Jioni anakandwa kwa maji moto. Wiki tatu baadaye goti halikunjiki vizuri, na ndani ya paja kuna kitu kigumu kama jiwe.

Kitu hicho kinaweza kuwa mfupa uliomea ndani ya msuli. Madaktari huiita hali hii mayositisi osifikansi.

Hutokeaje?

Paja likigongwa kwa nguvu, iwe mpirani, katika ajali ya bodaboda au kwa teke la ng'ombe, mishipa midogo hupasuka na damu hujikusanya ndani ya msuli. Kwa kawaida mwili huiondoa polepole. Lakini kwa baadhi ya watu, hasa vijana, seli zinazopaswa kuukarabati msuli huanza kutengeneza mfupa. Kusugua na kukanda mapema huongeza damu inayovuja na kuujeruhi msuli upya, na hivyo kuzidisha hatari hiyo.

Siku mbili za kwanza

- Acha mchezo au kazi papo hapo.
- Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku.
- Ukiweka barafu, kunja goti kadiri uwezavyo bila kulilazimisha.
- Pumzika ukiwa umeinua mguu.
- Usisugue, usikande kwa maji moto, wala usikubali kuvutwa mguu kwa nguvu.

Ikiwa uvimbe tayari ni mgumu

Usiogope, lakini usikae nao nyumbani. Fika kituo cha afya ukaguliwe. Eksirei ya siku za mwanzo huenda isionyeshe chochote, kwani mfupa huo huchukua wiki kadhaa kuonekana. Ukiambiwa urudi, rudi. Wengi hupona bila upasuaji, kwa mazoezi ya taratibu yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, ingawa huchukua miezi. Wachache wanaohitaji upasuaji husubiri hadi mfupa ukomae, kwa sababu ukitolewa mapema unaweza kumea tena.

Usichelewe hospitalini iwapo:

- Paja limevimba na kukaza, maumivu yanazidi au mguu unakufa ganzi. Hii ni dharura. Nenda saa hiyo hiyo.
- Uvimbe unazidi kukua, unauma usiku, au umetokea bila wewe kuumia. Saratani ya mfupa inaweza kufanana na hali hii, na daktari pekee ndiye anayeweza kuzitofautisha.

Makocha, walimu na wazazi, wekeni barafu karibu na uwanja siku ya mechi. Kijana akigongwa paja, mpeni barafu na mapumziko. Dawa ya kuchua ibaki mfukoni.