Usimwue Nyuki Mweusi, Anakutafutia Chakula

BILA shaka umewahi kumwona mdudu mkubwa mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, akinguruma karibu na paa la nyumba au kwenye maua ya mkunde. Wengi wakimwona hukimbia. Wengine hutafuta mafuta ya taa wakayamimina katika tundu lake. Kabla hujafanya hivyo, yafaa umjue mdudu huyu ni nani, kwani ana uhusiano mkubwa na afya ya familia yako.

Huyu ni nyuki seremala. Watu waliokaa Ulaya humfananisha na nyuki mnene mwenye manyoya anayeonekana katika bustani za huko, lakini yule wa Ulaya hapatikani kiasili nchini Kenya. Kazi inayofanywa na yule kule, hapa kwetu hufanywa sana na nyuki seremala.

Je, anauma?

Dume hana mwiba kabisa. Katika aina nyingi yeye ni wa rangi ya manjano, na ndiye huelea hewani mbele ya uso wako kama askari wa lango. Anakutisha tu. Jike, ambaye kwa kawaida ni mweusi, pengine mwenye ukanda mweupe au wa manjano, ana mwiba. Hata hivyo, ni nadra kuutumia asiposhikwa au kubanwa. Wala haishi katika kundi kubwa lenye mzinga wa kulindwa kama nyuki wa asali.

Akikuchoma, osha mahali hapo kwa maji na sabuni, vua pete ikiwa ni mkononi, kisha weka kitambaa chenye maji baridi. Lakini mtu aliyechomwa na nyuki wa aina yoyote akianza kupumua kwa shida, kuvimba uso au ulimi, au kuhisi kizunguzungu, apelekwe hospitalini mara moja. Hiyo ni dalili ya mzio, nao unaweza kuua kwa muda mfupi.

Faida zake mezani

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Mengi ya matunda hayo hutegemea nyuki kwa kiasi fulani.

Chukua karakara, au pasheni kama wengi wanavyoyaita. Karakara za manjano haziwezi kuzaa kwa chavua ya mmea wenyewe. Lazima chavua itoke mmea mwingine. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua hilo. Hunyonya au kuchota chavua bila kugusa sehemu inayohitaji kuguswa. Nyuki seremala akiingia, mgongo wake husugua chavua na kuipeleka panapotakiwa.

Biringanya nalo lina siri yake. Chavua yake imefungwa ndani ya vifuko vyenye matundu madogo nchani. Nyuki seremala hulishika ua na kulitikisa kwa misuli ya kifua, chavua ikamwagika kama chumvi kutoka kwenye kichupa. Nyuki wa asali hajui mtindo huo. Utafiti uliofanywa Nguruman, Kajiado, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa nyuki seremala ni miongoni mwa wachavushaji bora wa biringanya huko.

Lakini ua la biringanya halina mbochi, yaani ule utamu wa maua. Nyuki huyu hawezi kuishi kwa biringanya pekee. Shamba lisilo na maua mengine kando yake humfukuza.

Ufanye nini?

Hata mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba, au mikebe michache barazani, anaweza kusaidia:

1. Panda mbaazi, kunde au mitoo, na uache mashina machache yachanue badala ya kuyachuma yote.

2. Acha gogo kavu au tawi lililokufa mahali pasipo na njia ya watu. Waweza pia kufunga pamoja vipande vya mwanzi mkavu, kila kimoja kikiwa kimezibwa upande mmoja na fundo lake, na kuvining'iniza mahali pasiponyeshewa. Jike hutoboa humo, akaweka donge la chavua na mbochi, akataga yai juu yake na kuziba chumba kwa unga wa mbao.

3. Usinyunyize dawa ya wadudu maua yakiwa wazi. Ikibidi, soma maagizo kwenye chupa na unyunyize jioni, maua yakishafunga. Dawa hiyo pia ni hatari kwa watoto wako.

4. Ukihofia boriti za nyumba, zipake rangi au vanishi, kwani nyuki huyu hupendelea mbao tupu. Hali mbao, huzitoboa tu apate makao. Matundu ya zamani yazibe baada ya kuhakikisha hamna kitu ndani.

Jike hutaga mayai machache mno katika maisha yake. Kwa hiyo tundu moja likimiminiwa mafuta ya taa, hasara yake si ndogo. Utakapomsikia tena akinguruma mauani, mwite mtoto wako, simameni hatua chache kando, mumtazame akifanya kazi.