Zabibu Ngumu Kwenye Mkate wa Kiayalandi

Swali: Mbona zabibu za mkate wangu hutoka ngumu kama changarawe?

Jibu: Kosa hufanyika jana yake. Mkate huu, *bairín breac* kwa Kiayalandi, yaani mkate wenye madoadoa, huanzia kwenye bakuli la chai ya rangi iliyokolea. Gramu 350 za zabibu kavu hulala humo, katika mililita 300, hadi asubuhi zinavimba na kung'aa. Chai inayobaki isimwagwe: ndiyo inayokandia gramu 225 za unga wenye beking pauda, sukari na yai 1.

Huokwa kwa nyuzi 170, saa moja na ushee.

Usiku wa Halloween, Waayalandi huficha pete ndani. Atakayeipata, eti, ataoa au kuolewa. Ifungwe kwenye karatasi, meno yasalimike.