Vita Nilivyopigana Usiku

Leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Jioni moja, mimi na mdogo wangu tukafungua gemu tuliyoipenda tangu nikiwa sekondari, The Battle for Wesnoth. Ni gemu ya bure, ilianza mwaka 2003, ya vita vya nchi ya kubuni. Uwanja umegawanywa katika vyumba vya pembe sita, na mnacheza kwa zamu kama drafti.

Kwa usiyeifahamu, shika mambo matatu tu. Kwanza, askari akipona anapata uzoefu, anapanda daraja, na unaweza kumwita tena kwenye pambano linalofuata. Akifa, amekwenda. Pili, saa ya siku ina uzito: wapanda farasi wangu hupiga kwa nguvu zaidi ya asilimia 25 mchana, na usiku hupungukiwa kiasi hicho hicho. Maorki ni kinyume chake, usiku ndio wao. Tatu, mpanda farasi akishambulia kwa mkuki wake, madhara anayotoa yanakuwa mara mbili, na anayopokea pia mara mbili.

Basi, nilikuwa na wapanda farasi watatu niliowalea tangu mwanzo wa kampeni, na mtabibu mmoja. Jua lilikuwa linazama. Kiongozi wa maorki amekaa ngomeni mwake, na humo kila pigo langu lilikuwa na nafasi 40 kwa 100 ya kumpata. Mdogo wangu akasema, "Kaka, turudi nyuma, tungoje kukuche." Nikamjibu, "Dogo, acha woga. Naimaliza sasa hivi."

Wa kwanza akashambulia, akakosa, akafa. Hapo mtu mwenye akili angerudi. Mimi nikasema moyoni: siwezi kumpoteza bure, lazima nimlipizie. Nikapeleka wa pili. Usiku ukaingia, nikapeleka wa tatu. Mwisho nikamsogeza mtabibu awaokoe, naye akazingirwa. Zamu nne tu, na kazi ya wiki nzima imekwisha. Wakati huo huo mama alikuwa ameshaita mara mbili, "Frateri, tunakusubiri kwa rozari!" nami nikajibu, "Nakuja, mama," bila kunyanyuka.

Utasema ni gemu tu, si kitu. Kweli. Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu niliitambua sura yangu mle ndani.

Katika Luka 14:31-32 Yesu anasimulia juu ya mfalme mwenye watu elfu kumi anayekwenda kukutana na mwenye elfu ishirini. Jambo la kwanza mfalme huyo analofanya ni kukaa chini na kutafuta shauri. Tuelewane: Yesu hafundishi ujanja wa kukwepa gharama. Aya ya 33 inadai tuache vyote tulivyo navyo. Anataka tuijue gharama kabla ya kusema ndiyo, ili ndiyo yetu isiwe ya mdomoni.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye kwenye falsafa tulikaa naye sana, anasema busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu, na kuamuru lifanyike. Na anautaja upurukaji kuwa dhambi iliyo kinyume cha busara: mtu anaruka hatua za kati na kutumbukia kwenye tendo kwa msukumo wa tamaa. Mimi niliruka shauri (mdogo wangu alinipa, nikamwita mwoga), nikaruka hukumu, nikaanzia kwenye amri. Na walioumia si mimi niliyeamuru. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Sasa niwaambie kilichoninyima usingizi. Miezi michache kabla ya likizo ile, nilipitia kipindi kigumu seminarini. Sala ilikuwa kavu, nilikuwa nimefeli jaribio, na rafiki yangu wa karibu alikuwa ameacha malezi. Usiku mmoja, karibu saa sita, niliandika barua ya kuondoka. Niliiweka kwenye bahasha kabisa. Asubuhi nikampelekea mlezi wangu wa kiroho. Hakunikatalia. Aliniuliza tu, "Hii umeiandika saa ngapi?" Kisha akaniambia niitunze, nimrudishie baada ya mwezi kama bado ninaitaka. Sikuirudisha. Ningeipeleka usiku ule ule kwa wakubwa, ingekuwa shambulio la gizani.

Ushauri ule ni wa Mtakatifu Ignasi wa Loyola: wakati wa ukiwa wa kiroho usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na mwanga. Naye aliyajua mashambulio mabaya. Mwaka 1521, pale Pamplona, wenzake waliona ngome haiwezi kulindwa dhidi ya Wafaransa, wakataka kusalimu amri. Yeye akamshawishi mkuu wao wapigane. Kombora la mzinga likamvunja mguu, na alipoanguka tu, ngome ikajisalimisha. Kitandani Loyola akasoma maisha ya Kristo na ya watakatifu, na Mungu akaanza naye upya.

Hapa nataka tusimame kidogo. Baada ya kushindwa, mdogo wangu alinionyesha kitufe: "Kaka, si tunafungua ile tuliyohifadhi mwanzo?" Tukifungua, wapanda farasi wote wako hai, kama hakuna kilichotokea. Vijana wengi tunakiendea kitubio kwa mawazo hayo. Tunataka jana ifutwe. Lakini kitubio kinafanya jambo kubwa zaidi: dhambi inaondolewa kweli, tunarudishiwa urafiki na Mungu, halafu tunatumwa kwenye maisha yale yale kurekebisha tulichoharibu. Ignasi hakurudishiwa mguu wake. Alichechemea hadi kufa, na kwa mguu huo akatembea njia iliyozaa Shirika la Yesu, lililoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1540.

Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu tusifungue ya zamani. Tuliendelea na waliobaki. Kabla ya hapo nilikwenda kumwomba mama msamaha kwa rozari iliyosaliwa bila mimi, naye akasema, "Haya, kesho utaiongoza wewe." Nikaiongoza.

Maswali ya kutafakari wiki hii:

1. Ni uamuzi gani ninaotaka kuufanya sasa nikiwa gizani: kwa hasira, uchovu au aibu?
2. Kuna jambo ninaloendelea kuligharamia kwa sababu tu nimeshapoteza mengi humo?
3. Nani amenipa shauri jema nami nikamwita mwoga?

Tusali: Bwana Yesu, tufundishe kukaa chini kabla ya kuinuka. Tunapokuwa gizani, utupe uvumilivu wa kungoja asubuhi yako. Na pale tulipoanguka, utupe neema ya kutembea nawe, hata kwa kuchechemea. Amina.

Mtuombee sisi mafrateri. Tukutane tafakari ijayo.